Siku Wanyama Walipokuja Ukutani

Kengele ya Kimya imefika. Iko ndani ya sanduku langu, chini ya kitanda, na hata humo haitulii. Nikigeuka tu, ubao wa kitanda unagusa sanduku na kengele inagonga mara moja, ko, kama mtu anayebisha mlango huku anaona haya. Wenzangu wa bweni wameuliza kuna nini. Nimesema viatu.

Aliyeileta ni mtu wa kwetu aliyetoka upande wa Pinga. Ilikuwa imefungwa kwa majani makavu na kipande cha kamba ya wavu. Nilipofungua, harufu ikanipanda mpaka machoni: moshi, jasho la mbwa, maganda ya mti yaliyosokotwa na kulowa mvua miaka mingi. Kimya alikuwa mbwa wa Papa, baba yangu. Amekufa kwa uzee. Yule mtu alisema Papa hataki kengele hii ivaliwe na mbwa mwingine, ipelekewe mwenye maandishi. Mwenye maandishi ni mimi.

Imefika wakati mbaya, ao labda mzuri, bado sijui. Hapa tunafundishwa kuwa walimu wa watoto, na juma lijalo nitasimama kwa mara ya kwanza mbele ya kalasi ya wale wadogo kabisa, wale wanaoimba ba be bi bo bu bila hata kutazama herufi kwenye tablo. Masera, mtawa anayetufundisha, atakaa nyuma na kuniangalia. Aliniambia nifanye watoto wapende maneno. Hakuniambia namna gani. Nimeandika mpango, nimeufuta, nimeandika mwingine, nimeutupa. Mimi ambaye nikiitwa kusoma sala najificha nyuma ya wenzangu. Hata haya ninayaandika nimesimama dirishani, kwa sababu kitini siwezi kukaa. Nje ukungu umelala juu ya vilima vya Masisi, ng'ombe wanalia upande wa pili wa bonde, na ninyi wa umri wangu mnajua vile mtu anataka kukimbia na hana pa kukimbilia.

Kwetu si huku kwenye ng'ombe na maziwa. Kwetu ni msituni, Walikale, kijiji ambacho ukitoka Pinga unatembea mpaka unachoka kuuliza bado mbali. Tulilima ndizi na mihogo, Jumapili tulisali, na siku za nyavu wanaume waliingia msituni na mbwa. Mbwa wa kwetu hawabweki. Wanapita chini ya majani bila sauti, na mwindaji asiposikia kitu hawezi kujua mnyama anafukuzwa kuelekea wapi. Ndiyo maana wanafungwa kengele za mti shingoni. Wakati wa kwenda kengele zinajazwa majani zisilie, na penye nyavu majani yanatolewa. Wakati wa kurudi zinajazwa tena. Hapo sasa: kama kuna nyama, wanaume wanatoa majani kwenye mwanzo wa kijiji, na mbwa wanaingia wakigonga ko-ko-ko, watoto wanapokea kwa kucheza. Kama hakuna, watu na mbwa wanaingia kimya, na hakuna anayeuliza.

Sisi tuliobaki nyumbani tulikuwa na kazi yetu, kutulia. Siku ya nyavu hakuna kutwanga, hakuna kufagia, hakuna kukimbia, hakuna kugombana. Na hakuna kutaja jina la mnyama, si kwa kikwetu, si kwa Kiswahili. Akitajwa kijijini, masikio yake yanasimama kule aliko, anajua anatafutwa, anaacha njia ya wavu. Basi ilibidi kuzunguka. Chui alikuwa Shuka ya Madoa. Nguruwe wa msituni alikuwa Mama wa Jembe, kwa vile analima shamba la watu bila kuombwa. Nungunungu alikuwa Mwenye Sindano. (Nimeyaandika majina yao yote matatu na sijui kama leo nyavu ziko nje kule kwetu. Nimeangalia mlangoni kama mjinga.)

Aliyejua kuzunguka kuliko wote alikuwa Shangazi, dada mkubwa wa Papa, mjane, mwenye ulimi usiolala. Hakupenda kurudia jina. Leo nungunungu ni Mwenye Sindano, kesho ni Yule Asiyekumbatiwa, kesho kutwa ni Bwana Arusi Aliyekosa Mke. Wanawake walikaa wakimenya mihogo na kurushiana majina, mashavu yamejaa kicheko, maana kucheka kwa nguvu nako kulikatazwa. Mama yangu, aliyeolewa kutoka huku Masisi, alijifunza majina ya kuzunguka kabla ya majina yenyewe. Siku moja, Pinga, mtu alimtolea nyama ya nungunungu akaitaja kwa jina lake, na Mama akakataa, akasema kitu hicho kwao hawali. Alikuwa amekila tangu siku ya arusi. Shangazi alisimulia kisa hicho mpaka Mama mwenyewe akaanza kukisimulia.

Mimi siku ya nyavu ilikuwa mateso. Miguu iliniwasha. Ardhi yote ilikuwa inaniita, na Shangazi alinibana katikati ya magoti yake kama mtungi usianguke. Sikuwa msemaji. Nyumbani niliongea, lakini mbele ya watu nilitazama chini, na watoto wenzangu waliniita Bubu. Miguu ndiyo iliyoongea badala yangu.

Papa hakujua kusoma kitabu, lakini aliisoma ardhi na mimi nikimfuata nyuma. Tulichuchumaa kwenye njia, akaweka kidole pembeni ya unyayo bila kuugusa. Huyu alipita umande bado upo. Huyu anachechemea. Huyu ana mimba, tumwache. Kwa hiyo nilipopelekwa masomoni na kuona alama nyeusi zimepangwa mstari, mimi sikuona herufi. Niliona nyayo. Nilifikiri kila neno ni kitu kilichopita hapo kikaacha miguu yake, na Mwalimu ni mtu aliyekuwa wa kwanza kufika njiani asubuhi. Niliinamisha kichwa nitafute mnyama alikuwa anaelekea wapi. Mwalimu alidhani shingo inaniuma.

Papa alikubali niende kwa sharti moja, nalo alilisema wazi mbele ya Mama na Shangazi, akinitazama machoni.

"Siku masomo italeta shida pa wavu, njo mwisho. Utashika jembe na mama yako."

Niliitika kwa kichwa. Wasichana tulikuwa wachache sana pale, na nilijua neno la Papa halirudi.

Mwalimu wetu, Mwalimu Petro, alikuwa kijana wa vilima hivi ninavyoviangalia sasa. Alikuwa mwembamba, alikumbuka maziwa, na msitu ulimtisha ingawa hakusema. Nyumba ya masomo ilikuwa ya udongo, imepakwa udongo mweupe ndani na nje. Vibao vya kuandikia vilikuwa vichache na kitabu kilikuwa kimoja, cha silabi. Tuliziimba vizuri mpaka siku moja akakigeuza kitabu kichwa chini na sisi tukaendelea kuimba vilevile. Alikaa. Alitutazama kwa muda mrefu kama mtu aliyegundua kwamba mtungi anaoujaza una tundu. Kesho yake alikuja na makaa ya moto uliozimika, akampa kila mtoto kipande, akatutoa nje kwenye ukuta. Alisema silabi zipumzike. Kila mmoja aandike kitu anachokijua yeye, kitu cha msitu, na yeye atatuonyesha herufi.

Ilikuwa siku ya nyavu. Wanaume walikuwa wameondoka alfajiri. Mwalimu aliwaona wakipita, lakini mwiko wetu hakuujua, kwao watu wanachunga, hawatandazi nyavu. Sisi tulijua. Tulitazamana na makaa mkononi. Ndipo Bahati, mtoto mmoja wa jirani ambaye hakuwahi kukosa jibu, akanong'ona:

"Mukono haina kinywa."

Ilitosha. Tulikatazwa kutaja, hakuna aliyetukataza kuandika. Tuliufunika ukuta. Chui, nguruwe, paa, kima, nungunungu, majina mengine kwa Kiswahili, mengine kwa kikwetu, makubwa, madogo, yamelala, yamesimama. Mimi niliandika nungunungu. Nilipomaliza nilirudi nyuma nikaangalia ukuta wote. Kama maneno ni nyayo, basi hawa wote wamefika hapa. Wako hapa ukutani. Na kama wako hapa, huko kwenye wavu wa Papa kuna nini?

Shangazi alipita akienda mtoni. Aliona ukuta, akatua mtungi chini taratibu, kwa adabu ya siku ile. Wanawake wengine wakamfuata mmoja mmoja, na Mama nyuma yao. Shangazi alisogea, akaweka sikio kwenye udongo, akasikiliza. Kisha akamuuliza Mwalimu ni kitu gani tumeandika. Mwalimu, kwa furaha, akanyoosha kidole ili asome, na sisi wote tukaziba midomo yetu kwa mikono, maana hatukuweza kuziba wa kwake. Alisimama hapohapo na kidole juu. Mama akamsogelea akamweleza kwa lugha ya kwao, polepole, mambo ya siku ya nyavu. Niliona uso ukimpauka.

Shangazi hakumpigia kelele. Alimuuliza tu, kama anauliza bei ya chumvi.

"Mwalimu, kama hii makaa inasema, basi muliita nyama yote na bwana zetu wako mu pori bure. Kama haisemi, basi batoto yetu banafanya nini hapa kila siku?"

Mpaka leo sijasikia swali gumu kama lile, hata hapa kwa masera. Mwalimu aliutazama ukuta, akawatazama wanawake. Akisema alama zinasema, ameharibu mawindo ya kijiji kizima. Akisema hazisemi, kila mama atashika mkono wa mtoto wake waende. Alijipangusa uso kwa mkono wenye makaa, akabaki na mstari mweusi toka jicho mpaka kidevu, na hakuna aliyecheka.

Mimi niliona jembe. Niliona jembe la Mama, mpini wake, na mimi nyuma yake msimu hadi msimu. Miguu ikaanza. Sikuiamuru. Ilinipeleka ukutani mbele ya wote, na nilipofika sikuwa na namna ya kurudi. Niliweka kidole chini ya neno la kwanza, nikasema kitu.

"Sema tena," Shangazi akasema. "Sikio yangu iko muzee."

"Huyu iko Shuka ya Madoa," nikasema. Kidole kikaenda kwa mwingine. "Huyu Mama wa Jembe. Huyu, Yule Asiyekumbatiwa."

Wanawake walitazamana. Shangazi alinitazama kama anaona mtoto wa mtu mwingine. Kisha akafanya jambo ambalo lingeweza kufanywa na yeye tu. Bahati alikuwa amejificha nyuma ya migomba tangu mtungi ulipotua, mbali, asingeweza kunisikia. Shangazi akaagiza aletwe. Akaweka kidole chake mwenyewe juu ya neno langu la mwisho, akamwambia aseme huyu ni nani, lakini kwa adabu. Bahati alitazama, midomo ikatembea bila sauti.

"Huyu? Huyu njo Mwenye Sindano."

Shangazi alikigeuza kidole chake akakiangalia, kana kwamba ndicho kilichoongea. Watoto wawili, majina mawili, mnyama mmoja. Aliyarudia kimoyomoyo, niliona. Halafu akawageukia wanawake, akasema polepole, "Inasema. Lakini iko na adabu."

Kuanzia hapo sikumbuki nani alianza. Mmoja alitaka kujua wapi yuko yule anayekohoa kama mzee mwenye tumbaku. Watoto wakatafuta kwa macho wakakimbilia neno moja, wakakumbuka hakuna kukimbia, wakatembea kwa haraka ya ajabu. Mwingine akasema namtaka mwenye kuvaa mkia kama mshipi. Mama yangu mwenyewe, mtu wa vilima, akatoa jina ambalo Shangazi hakuwa nalo, na Shangazi akameza mate. Mwalimu alisimama pembeni na ule mstari wake usoni, na akawa anatusikiliza kuliko alivyowahi kutufundisha.

Hukumu ya Shangazi ilikuwa majina yale yafutwe, yaandikwe haya. Tukachota udongo mweupe, tukapaka ukuta wote, na kabla haujakauka vizuri tukaanza upya kwa majina ya kuzunguka. Ninyi hamjui taabu ya kuandika Bwana Arusi Aliyekosa Mke kwa makaa kwenye udongo mbichi. Lilianzia mlangoni likaishia karibu na dirisha. Tuliulizana herufi kwa kunong'ona, tulipigana viwiko, tulimvuta Mwalimu shati huku na kule, na yeye mwenyewe mara mbili tatu alisimama akafikiri. Silabi zote tulizoimba msimu mzima bila kuzijua, siku ile tulizitafuta kama mtu anayetafuta mbuzi wake.

Lakini mimi sikuwa na raha. Kazi ilipoisha nilienda kukaa kwenye mwanzo wa kijiji nisikilize. Jua lilishuka. Nilisikiliza mpaka masikio yakawa yanatengeneza ko-ko-ko yenyewe. Kisha majani yakatikisika na Kimya akatoka wa kwanza, ulimi nje, kengele imejaa majani. Nyuma yake wengine, wote kimya. Nyavu begani, mikono mitupu.

Hakuna aliyeuliza, lakini habari za ukuta zilimfikia Papa kabla hajatua wavu. Alienda moja kwa moja. Shangazi alikuwa tayari pale, amesimama mikono kiunoni. Papa aliangalia ukuta toka mwisho hadi mwisho, vile anavyoangalia njia. Akaniambia nisome. Nilisoma yote. Hakunikatiza, mkono wake ulikuwa juu ya kichwa cha mbwa. Nilipofika mwisho akasema:

"Kumbe balikuwa hapa."

Akaondoka. Nilimtazama Shangazi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu hakuwa na jina la kitu.

Asubuhi nililishika jembe kabla ya kuambiwa. Nilitaka jambo liwe limekwisha. Mama alifunga kitambaa kichwani bila kunitazama. Tulipopita penye moto wa nje Papa alikuwa amekaa, kengele ya Kimya iko kwenye mapaja, na ncha ya chuma imewekwa kwenye makaa mpaka imekuwa nyekundu. Akaniita nikae. Alisema wanyama wote jana walikuja kwenye ukuta wetu, yeye alitembea msitu mzima hakuona hata mmoja. Alilisema bila hasira, kama mtu anayesoma unyayo. Nikaelewa kwamba Papa naye aliamini kile nilichoamini mimi, kwamba herufi ni miguu, na walioandikwa wamefika. Akanipa kipande cha makaa na kengele.

"Weka mumoja hapa. Tuone kama atafuata mbwa."

Kengele ni ndogo. Nilichagua Mwenye Sindano, nikaizungusha ili jina litoshe. Papa akaifuata kila herufi kwa chuma cha moto, ulimi umetoka pembeni ya mdomo kama watoto wa kalasi yetu, na moshi wa mti ukawa unapanda kati ya nyuso zetu. Akapuliza majivu. Akaipima kwa kidole, herufi kwa herufi. Ndipo akaona jembe.

"Na hiyo, unapeleka wapi? Mwalimu atangoja wewe?"

Mama alilichukua jembe mikononi mwangu. Nilikimbia. Haikuwa siku ya nyavu, niliruhusiwa.

Baada ya hapo Mwenye Sindano alipatikana siku nyingine na siku nyingine hakupatikana, kama ilivyokuwa kabla sijazaliwa. Papa hakusema ni kengele, wala hakusema si kengele. Nyumba ya masomo iliendelea, na kila siku ya nyavu tuliandika kwa kuzunguka, na Shangazi alipita na mtungi wake kuona kama tumekosa kitu. Mwalimu Petro alihamishwa baadaye. Nasikia yuko huku kwao, sijamwona. Ningemwona ningejificha, halafu ningejuta.

Sasa nimeitoa kengele sandukuni, iko hapa dirishani. Herufi zimejaa masizi na mafuta ya shingo ya mbwa, moja imelika kidogo. Nimesoma vitabu, najua sasa kwamba neno si unyayo, hakuna aliyepita. Najua. Lakini nimepitisha kidole kama alivyopitisha Papa, na nimeona haya kusema nilichokisikia.

Mpango wangu wa somo niliouandika una mistari mingi. Nimeupasua. Nitaingia, nitaweka kengele mezani. Nitawaambia wale wadogo kwamba kitu hiki kina jina, na leo jina hilo halitajwi, si na wao, si na mimi, si na masera pale nyuma; watafute la kuzunguka. Halafu nitanyamaza, ndicho kitu ninachokijua vizuri, na nitasikiliza miguu yao ikianza chini ya madawati.